Funza wa Semeni

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 33, na katika muda wote huo hakuna neno lililonitia aibu kama neno funza. Sikulikosea tahajia wala ngeli. Nililitamka kama linavyotamkwa na kila mtu hapa Muheza, kwa maana ambayo kamusi zinaikubali, tena kwa uhakika wa mtu aliyezoea kuwasahihisha wenzake. Kwa sababu ya neno hilo mbwa mmoja alipasuliwa ubavu ugenini, na mbwa huyo hakuwa mbwa hivi hivi tu.

Jina lake Semeni. Alipewa na marehemu mke wangu, kwa desturi ile ya wazee wetu ya kumpa mbwa jina linalolenga masikio ya jirani. Wako mbwa walioitwa Watasema, Hamtuwezi, Yatakwisha. Mwenye mbwa husimama uani jioni akaita kwa sauti kubwa, mbwa akaja mbio, na jirani akabaki na lake moyoni. Sitataja ni jirani gani aliyekusudiwa na Semeni, maana tumekwisha kupatana. Mke wangu alipofariki mwishoni mwa mwaka 2018, mbwa yule alilala mlangoni pa jiko siku nyingi, akinusa chakula na kukiacha. Binti yetu, ambaye ni muuguzi kaskazini mwa Ujerumani, alikuwa amekuja msibani. Akamtazama siku tatu, kisha akaniambia, "Baba, nikimwacha huyu utamzika naye. Nitamchukua."

Asiyewahi kumsafirisha mbwa kwenda Ulaya hudhani ni suala la kizimba na tiketi. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unaziamini kuhusu kichaa cha mbwa, kwa hiyo mnyama hutiwa kwanza chipu chini ya ngozi ya shingo, kidude kama punje ya mchele chenye namba yake. Kisha huchanjwa. Zikipita siku zisizopungua 30 hutolewa damu, ikapelekwa katika maabara iliyoidhinishwa ili kupimwa kingamwili, na hata majibu yakiwa mema hungoja miezi mitatu tangu siku ile ya damu. Semeni alitimiza yote. Alikuwa na faili nene kuliko langu la pensheni, na lake lilishughulikiwa haraka zaidi. Katika karatasi zote hizo hapakuwa na swali hata moja juu ya nzi.

Binti yangu alirudi Mei 2019 kumchukua. Siku tatu kabla ya safari nilifua kanga moja kuukuu ya mke wangu, ambayo jina lake lilikuwa limekwisha kufifia, ili itandikwe ndani ya kizimba. Tulisema mbwa akisikia harufu ya nyumbani hatahangaika njiani, ingawa sijui kanga iliyofuliwa kwa sabuni hubaki na harufu gani ya nyumbani. Masika yalikuwa yamekaza. Kamba ya kuanikia ilijaa nguo za wajukuu, basi nikaitandaza kanga juu ya majani chini ya mwembe, pale pale Semeni alipozoea kulala na, nisifiche, kukojoa. Ilikaa pale kivulini mpaka jioni ikakauka nusu. Nikaianua, nikaikunja. Sikuipiga pasi. Nani humpigia mbwa pasi?

Mke wangu angaliipiga. Katika nyumba yetu kila nguo iliyofuliwa ilipigwa pasi, nje na ndani, hata nepi, hata vitambaa vya kufutia vyombo, tangu zama za pasi ya mkaa. Miaka yote nilidhani ni unadhifu wake, na mara nyingine nilimtania kwamba anamaliza mkaa kwa kunyoosha matambara. Alinijibu mara moja tu: "Mwalimu, joto hili si la mikunjo." Sikumwuliza ni la nini.

Siku ya tisa baada ya kuondoka kwao simu ililia usiku.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

"Semeni ana majipu. Yako mgongoni, tumboni, mpaka kwenye shina la mkia. Nakutumia picha."

Nikavaa miwani. Niliona vijipu vyekundu, kila kimoja kikiwa na tundu dogo katikati kama lililotobolewa kwa sindano, na ndani ya tundu moja kitu cheupe. Kwetu hilo halihitaji daktari. "Hao ni funza," nikamwambia. "Mwambie daktari wake ni funza tu, wa kawaida huku." Nikalala usingizi mwema.

Binti yangu alisoma sayansi kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, kisha kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi alipohitimu uuguzi. Katika kichwa chake, kama katika vichwa vya wengi niliowafundisha, funza ana tafsiri moja tu ya Kiingereza: yule kiroboto jike anayejichimbia chini ya kucha za miguu. Tafsiri hiyo ndiyo aliyompelekea daktari wa wanyama asubuhi yake. Daktari, mtu makini kwa maelezo yote niliyopewa, akasoma juu ya kiroboto huyo, akazikagua nyayo za Semeni moja moja, katikati ya vidole vyote, asione kitu. Akampa dawa ya viroboto. Vile vijipu akavichukulia kuwa ni jambo jingine, maradhi ya ngozi yaliyoletwa na uchovu wa safari, na kimoja kikubwa cha ubavuni akakiminya kama jipu lolote. Buu aliyekuwa ndani akapasukia humo humo. Kufikia kesho yake ubavu ulikuwa umevimba, mbwa ana homa, hali chakula tena kama siku zile za mlangoni pa jiko, na ikabidi apasuliwe kuondoa usaha.

Jioni ya siku hiyo binti yangu alihisi mchomo mkononi mwake, chini kidogo ya kiwiko, upande ule alioikumbatia kanga akitoka uwanja wa ndege. Palikuwa na kijipu chenye tundu. Safari hii sikutaja jina lolote. Nilimwambia apake mafuta ya mgando kwa wingi, azibe tundu, angoje. Nusu saa baadaye kitu kilichokosa hewa kilijitokeza, akakishika kwa kibano, akakivuta kikatoka kizima. Kilikuwa kinene, cheupe, chenye miiba midogo myeusi mwili mzima. Akakitia katika kichupa. Kisha akaniuliza swali ambalo nililisikia kama linatoka katika dawati la mbele la darasa:

"Baba, kwa nini ulisema ni funza?"

"Kwa sababu ni funza," nikajibu. Na ni kweli. Hapo ndipo penye tatizo.

Acha nimweleze mdudu mwenyewe, maana wengi wetu tunamjua kwa kumtoa, si kwa kumsoma. Nzi wake ni wa rangi ya manjano iliyoingia ukahawia, urefu wa milimita 8 hadi 12, mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani, wala hatui juu ya miili yetu. Hupenda kivuli, hupenda mchanga uliokojolewa, hupenda nguo iliyofuliwa isiyokauka barabara. Hapo jike hutaga mayai 100 hadi 300. Baada ya siku moja hadi tatu mayai huanguliwa, na mabuu wadogo mno hukaa mchangani au katika nyuzi za kitambaa wakingoja, hata wiki nzima na zaidi bila kula. Huamshwa na joto la mwili na mtikisiko. Panya akilala, mbwa akijinyoosha, mtoto akivaa shati, wao hupenya ngozi na mwenye ngozi asisikie. Humo ndani buu hula na kunenepa, akiacha tundu moja wazi kwa kuwa anapumulia nyuma. Baada ya siku 8 hadi 12 amefikia milimita 13 au 15, hujisukuma nje mwenyewe, huanguka ardhini na kujizika awe pupa. Moto wa pasi huyaua mayai na mabuu kabla hawajamwona mtu. Mke wangu hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja juu ya hayo.

Sasa hesabu siku. Kanga chini ya mwembe, siku tatu nyumbani, safari, siku tisa ugenini. Huenda Semeni aliwapata mchangani alipolala. Mwembe ule ni ule ule. Lakini mkono wa binti yangu haukulala mchangani.

Asubuhi ya pili kichupa kilipelekwa kwa daktari mwingine wa pale pale, mtu mzima zaidi, na swali lake la kwanza lilimshangaza binti yangu: mbwa huyu amewahi kufika Amerika? Halikuwa swali la bure. Yuko nzi wa Amerika ambaye Waingereza wamempa jina la skrubu, kwa namna mabuu yake wanavyojikaza ndani ya nyama. Huyo hutaga kwenye ukingo wa kidonda, hata kidonda kidogo cha kupe, na mabuu wake hula nyama iliyo hai, kidonda kikapanuka na harufu yake ikawaita nzi wengine. Asiyetibiwa hufa. Mwaka 1988 nzi huyo aligundulika Libya, mara ya kwanza kuonekana nje ya mabara ya Amerika, na ili kumng'oa ilibidi kuleta kwa ndege kutoka Mexico nzi zaidi ya bilioni moja waliofanywa tasa, mpaka akatoweka mwaka 1991. Alipozuka tena Florida mwaka 2016, wanyama waliotoka katika visiwa vya kusini mwa jimbo hilo walikaguliwa barabarani, na Januari 2017 alipatikana kwa mbwa mmoja wa mitaani huko Homestead, bara kabisa. Ndiyo maana daktari wa Ujerumani aonapo buu katika mwili wa mbwa mgeni hutaka kwanza kujua ni buu gani. Mmoja ni wa kutoa kwa kibano, mwingine ni wa kupigia simu serikalini. Katikati ya hao wawili lilisimama neno langu, nalo lilikuwa likizungumzia miguu.

Hadubini ndiyo iliyoamua. Matundu ya kupumulia ya nyuma yalikuwa na mistari mitatu iliyopindapinda, dalili ya nzi wa Afrika. Mabuu 17 waliobaki katika mwili wa Semeni walitolewa mmoja mmoja kwa mafuta na kibano, na mbwa akapona. Ana kovu ubavuni ambalo nywele hazijaota tena.

Nilipokwisha kushukuru, nikaanza kusumbuliwa na majina. Daktari wa jeshi la majini la Ufaransa, Charles Coquerel, ndiye aliyempa nzi wa Amerika jina la hominivorax mwaka 1858, kutokana na wafungwa wa Cayenne. Nzi wetu naye anaitwa anthropophaga. Jina la kwanza ni la Kilatini na la pili lina asili ya Kigiriki, na yote mawili maana yake ni mla watu, ingawa huyu wa kwetu karamu yake hasa ni panya na mbwa. Kwa hiyo hata wataalamu, ukiwavua Kilatini chao, wamewapa wadudu wawili jina moja. Nilipata faraja kidogo. Tofauti ni kwamba wao wameongeza jina la ukoo, Cochliomyia kwa mmoja na Cordylobia kwa mwingine, na sisi hatukuongeza kitu.

Wenzetu wa Senegal walimpa buu huyu jina la mahali, wakamwita mnyoo wa Cayor, kwa ufalme wa kale wa Wawolof. Sierra Leone, kwa Kikrio, ni tumbu. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita jina hilo bila kusikia tumbua, hasa sisi ambao mwaka 2015 na 2016 tulisikia habari za kutumbua majipu asubuhi na jioni, tangu Rais John Magufuli aliposhika usukani. Ni sadfa tupu, sauti mbili zilizokutana njiani. Lakini ni sadfa yenye kejeli, maana jipu hili ndilo pekee lisilotakiwa kutumbuliwa.

Kwetu wako wanaomwita nzi wa embe, kwa kuwafuata Waingereza. Jaribu kulitumia jina hilo hapa Muheza kwa mkulima. Atadhani unamzungumzia yule nzi aliyetoka Asia, aliyeonekana Kenya mwaka 2003, anayetoboa maembe yakaozea mtini. Atakuonyesha mtego wake, na mtatengana kila mmoja akiamini ameeleweka.

Basi tunarudi kwa funza. Tunasema funza kwa mabuu wa nyama iliyooza na wa chooni, tunasema funza kwa kiroboto wa kucha, na tunasema funza kwa huyu wa ngozini. Kiroboto yule kwa asili si mwenyeji. Alikuja Afrika mwaka 1872 na meli Thomas Mitchell, iliyotoka Rio de Janeiro na kumwaga mchanga wake wa farumi huko Ambriz, Angola. Kabla karne haijaisha alikuwa amevuka bara zima, katika miguu ya wapagazi na askari, akafika pwani yetu. Naamini jina la funza lilikuwapo likiwangoja mabuu, mgeni akalivaa, na leo limemkaa vizuri hata wenyewe wamesahauliwa. Kamusi za zamani zina jina jingine la kiroboto huyo, tekenya, kwa vile kuwasha kwake huanza kama mtekenyo. Tungalilishika hilo, funza angebaki kwao. Pale chuo cha ualimu tulikuwa na utani kwamba mkufunzi ni mtu mwenye funza, na mzaha ulitutosha. Hakuna aliyeuliza ni funza yupi.

Si kwamba lugha yetu ni fukara wa watoto wa wadudu. Nyuki ana jana lake, kipepeo ana kiwavi, nzige ana tunutu, mbu ana kiluwiluwi. Ni nzi tu ambaye watoto wake tumewafungia katika maneno mawili, buu na funza, na tukiulizwa tofauti tunakunja uso kama tulioulizwa habari za chooni.

Usiku mmoja niliandika ubeti huu, nikautuma kwa rafiki yangu wa tangu chuoni:

Kaingia kama mwizi, hodi hata hakubisha,
Kafanya yake makazi, ngozini akajilisha,
Kapita na wapekuzi, muhuri wakamvusha,
Mgeni asiye jina, nani wa kumtambua?

Akanijibu kwamba mizani imetimia, ila macho yake yalisoma "nani wa kumtumbua", na akauliza kama si bora hivyo. Nimeuacha kama ulivyo.

Baadaye nilianza kutafuta jina. Nilijaribu buu wa ngozi, nikaona linatambaa kama maelezo. Nikajaribu mpenyangozi, ambalo lina sura ya jina, lakini kila nililomtamkia alinitazama kama ninayemtega. Nikampelekea hata jirani yangu, yule wa Semeni, ambaye ametoa wadudu hawa katika migongo ya watoto wa mtaa mzima kwa miaka 40. Alikuwa anachambua mchicha. "Mwalimu," akasema, "huyu sisi tukimwona tunamtoa. Hakai. Asiyekaa utampa jina la nini?" Kisha akaniuliza mbwa hajambo.

Hajambo, na amezeeka. Mwezi uliopita binti yangu alimpeleka kuchanjwa. Msaidizi wa daktari alifungua faili lake akakuta, mbele ya tarehe za Mei 2019, neno moja la Kiswahili katikati ya Kijerumani: Funza, kwa herufi kubwa, kwa vile wao nomino zao zote huzianza hivyo. Akauliza kama libaki. Binti yangu akanipigia simu akiwa bado amesimama mapokezi, Semeni akilalamika miguuni pake. Nilimwambia alipige mstari. Kisha nikamwambia aache kwanza, nitampigia Jumamosi.